KUONJA SI KUNYWA

Jirani yangu mmoja hapa Kijenge, fundi wa magari mwenye mke na watoto wanne, alinijia jioni moja akiwa na simu mkononi. Ndani ya simu ile mlikuwa na picha alizotumiwa na binamu yake aliyekwenda kikazi Afrika Kusini: mashamba ya mizabibu yaliyopangwa safu kwa safu chini ya milima, na katikati yake nyumba nyeupe zenye meza ndefu, ambako watu wazima, waume kwa wake, waliketi wakiwa na bilauri ndogo ndogo mbele yao. Hakuna aliyekuwa akipiga kelele. Hakuna aliyelalia meza.

"Hawa wamekwenda kuonja tu," akaniambia. "Wanaonja, wanauliza maswali, wananunua chupa moja au hawanunui, kisha wanarudi makwao na akili zao. Mbona sisi hatuna mahali kama hapa? Mimi nikitaka kutoka na mama watoto Jumapili, nimpeleke wapi? Kilabuni?"

Nilimjibu kwamba mahali papo, tena pengine hapahitaji hata nauli ya daladala. Alicheka, akadhani namfanyia mzaha. Makala haya ndiyo jibu langu kamili kwake, na kwako wewe ambaye yamkini umepata kujiuliza swali lilo hilo.

MANENO MAWILI

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Wazee wetu wa pwani walikuwa na maneno mawili ambayo siku hizi tumeyachanganya. Divai, neno lililotokana na Kifaransa, lilikuwa jina la kinywaji cha zabibu, na waumini wengi bado wanalijua kutokana na ibada ya kanisani. Mvinyo, neno tulilopata kwa Wareno, kwao lilikuwa na maana hiyo hiyo ya divai, lakini katika Kiswahili cha zamani lilichukua maana ya kileo kikali kilichokenekwa. Leo wenye viwanda, wenye maduka na wenye magazeti wote husema mvinyo, na mitaani watu husema waini. Mimi nami nitasema mvinyo, lakini nakuomba ukumbuke kwamba nazungumzia kinywaji kilichochachushwa tu, wala si kilichokenekwa.

Tofauti hii si ya wanazuoni wa lugha peke yao. Kinywaji kilichochachushwa hupata nguvu yake pale hamira inapokula sukari ya tunda na kuigeuza kileo. Nguvu hiyo ina mpaka, kwa sababu kileo kikizidi, hamira yenyewe hufa. Kilichokenekwa hakina mpaka huo, kwa kuwa mpishi hukusanya mvuke na kuuongezea ukali kadiri apendavyo. Na gongo lipikwalo vichochoroni, ambalo hakuna ajuaye kilichotiwa ndani yake, limewapofusha watu na kuwaua. Kwa hiyo mtu anapokuambia kwamba pombe zote ni moja, mwambie asubiri kidogo.

Basi chumba cha kuonjea mvinyo ni nini? Ni mahali palipoambatana na kiwanda au shamba, ambapo mtengenezaji humkaribisha mnunuzi ajaribu kidogo kidogo aina za mvinyo wake kabla ya kufungua mfuko. Kipimo chenyewe ni mafunda mawili matatu. Huanza na mweupe usio na utamu, akaendelea na mwekundu, akamalizia na mtamu; kwani akitangulia na mtamu, mwingine wote atauona mchungu kama shubiri. Huinua bilauri kwenye mwanga aone kama kinywaji ni safi au kina ukungu. Hunusa, kwa maana sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha hupitia puani, jambo analolijua kila aliyepata kula chakula akiwa na mafua. Kisha hupiga funda moja, akalizungusha mdomoni, na baada ya hapo hulitema kwenye ndoo iliyowekwa mezani kwa kazi hiyo.

Hapa ndipo jirani yangu aliponikatiza. "Nitoe fedha yangu, halafu niteme?"

Naam, uteme. Waonjaji wa kahawa pale Moshi, ambako kahawa yetu imenadiwa kwa miaka mingi, huifyonza kahawa kwa kijiko na kuitema, kikombe baada ya kikombe, na hakuna anayewacheka. Ulimi wao ndio unaosaidia kuamua mkulima wa Meru alipwe nini. Wangeimeza yote, kufikia saa sita mchana wasingejua tena kama wanaonja kahawa au maji ya mfereji. Na kahawa hailewi. Sembuse mvinyo! Anayemeza kila anachoonja, kufikia bilauri ya tano hukiona kila kitu kitamu, pamoja na bei.

JIKO LA SHANGAZI

Ningeweza kukuambia kwamba desturi hii tumeletewa na wageni, lakini ningekuwa naongopa. Chumba cha kwanza cha kuonjea nilichokiona maishani mwangu kilikuwa jiko la shangazi yangu, kwenye miteremko ya Mlima Meru upande wa Nkoaranga. Shangazi alipika mbege. Migomba ilizunguka nyumba, kahawa chini yake, na ng'ombe wawili bandani ambao samadi yao ndiyo iliyoilisha migomba. Ndizi za mchare zilikwenda sufuriani kwa chakula. Nyingine zilivundikwa mpaka zikaiva na kulainika kabisa, kwa sababu ndizi mbichi ina wanga na wanga hauchachi vema. Ni katika kuiva ndipo wanga unapogeuka sukari. Zilipoiva alizichemsha, akaziacha kwenye pipa siku kadhaa, akazichuja, akachanganya na uji wa kimea cha ulezi. Gamba la msesewe lilitiwa kiasi ili kuleta uchungu kidogo unaokata utamu. Ni kazi ya wiki nzima na zaidi, na kinywaji chenyewe hakikai. Kikichelewa siku mbili tatu kimekuwa siki, na ada ya shule imekwenda na maji.

Nasema ada ya shule kwa sababu ndiyo iliyokuwa shabaha. Binamu zangu watatu walisomeshwa na pipa lile.

Sasa, msomaji, zingatia jinsi alivyouza. Mteja hakuanza kunywa. Shangazi alichota kwa kata, akanywa yeye kwanza mbele ya wote, ili ijulikane kwamba hakuna alichokificha. Kata ya pili alipewa mzee kuliko wote waliokuwapo. Mzee alinusa, akanywa kidogo, akanyamaza, na wote wakamtazama. Akisema "imefika", biashara ilianza. Akisema "bado", shangazi hakubisha. Aliwaomba radhi watu warudi kesho. Nilimwona akifanya hivyo mara mbili, na mara zote mbili alipata hasara ya jioni nzima. Kila niliposoma baadaye habari za wataalamu wa Ulaya wanaozungusha bilauri na kukunja nyuso, nilimkumbuka mzee yule aliyekalia gogo, aliyefanya kazi ile ile bila mshahara.

Jambo moja sikulielewa utotoni. Jioni moja ya mwisho wa mwezi alifika kijana mmoja mwenye mshahara wake mfukoni, bado umo ndani ya bahasha. Shangazi akampa kata moja. Alipotaka ya pili, shangazi akamwambia, kwa sauti ya upole kabisa, "Hii nyingine, mwanangu, nitakuuzia kesho ukija na mama watoto kuichukua." Yule bwana alighadhibika. Alisema maneno ambayo siwezi kuyaandika katika ukurasa wa familia, akaondoka, na kwa miezi mingi hakuonekana. Alikuwa mteja mzuri. Nilimuuliza shangazi kwa nini amefukuza fedha. Alinijibu kwamba bahasha ile haikuwa ya mtu mmoja.

NDIZI KATIKA CHUPA

Turudi mjini. Jirani yangu alipotaka kujua mahali penyewe ni wapi, nilimwonyesha kwa kidole: upande wa Olorien, hatua chache kutoka hapa Kijenge tunapokaa. Huko ndiko kiliko kiwanda cha Banana Investments, ambacho Bwana Adolf Olomi alikianzisha mwaka 1993 kwa wazo ambalo wakati ule wengi waliliona la ajabu: kuichukua ndizi, ambayo mama zetu walikuwa wakiipika mapipani, na kuitia katika chupa kama mvinyo. Bila shaka umeyaona majina yake madukani: Raha, Malkia, Meru.

Mvinyo wa ndizi na mbege ni ndugu, lakini si pacha. Mbege ina nafaka, ndiyo maana ni nzito, ina ukungu, na mtu huinywa akashiba. Mvinyo hauna kimea cha ulezi. Tunda huchukuliwa, maji yake yakatolewa, hamira ikaachwa ifanye kazi yake bila hewa kuingia ovyo, kisha mashapo yakaachwa yatulie chini na kinywaji kikachujwa mpaka kikang'aa. Hewa ndiyo adui. Vidudu vya siki huhitaji hewa ili kukigeuza kileo kuwa siki, ndiyo sababu pipa la shangazi lililokuwa wazi lilimpa siku mbili tu, ilhali chupa iliyofungwa vema hukaa miezi. Katika tofauti hiyo ndogo, yaani siku mbili dhidi ya miezi, ndimo ilimo biashara nzima. Kinachokaa kinaweza kusafirishwa mpaka Singida au Dar es Salaam. Kisichokaa hunywewa pale kilipopikwa.

Lakini hiki ni kiwanda, si hoteli, na anayetaka kuingia kutazama huomba ruhusa mapema kama ilivyo desturi katika kiwanda chochote. Usiende Jumapili ukiwa umevaa vizuri ukatarajia meza ndefu yenye kitambaa cheupe. Hilo nilimweleza jirani yangu wazi, akavunjika moyo. Ndipo nikamwambia sehemu ya pili ya jibu langu: meza anayo nyumbani kwake.

Tulifanya hivi. Tulinunua chupa tatu za mvinyo wa ndizi za aina tatu, na moja ya zabibu za Dodoma kwa kulinganisha. Kabla ya kulipa, tulitazama kila chupa kama ina alama ya ubora ya TBS na ile stempu ya kodi ya kielektroniki iliyoanza kutumika mwaka 2019, na tukasoma kiwango cha kileo kilichoandikwa. Nakushauri ufanye hivyo daima, kwani mvinyo wa ndizi hunywewa na wengi kama bia ilhali nguvu yake si ya bia. Tulikula kwanza, mama mwenye nyumba alikuwa amepika ndizi nyama. Watoto walikwishakwenda kwa bibi yao. Tulikuwa watu wanne, bilauri nne, jagi la maji, vipande vya mkate mkavu wa kusafishia ulimi, na ndoo ambayo mwenye nyumba aliitazama kwa mashaka makubwa.

La ajabu ni kwamba aliyeonyesha kipaji si fundi wala si mimi. Mke wake, ambaye kwa miaka kumi amekuwa akiuza matunda sokoni, alinusa bilauri ya kwanza akasema, "Hizi ndizi zilikaa siku moja zaidi ya ilivyotakiwa." Ya pili akasema ni tamu mno, na kwamba utamu huo umewekwa kuficha kitu. Ya zabibu aliikunjia uso, akasema inakausha ulimi kama chai iliyochemka sana. Alikuwa amegusa jambo lenyewe, kwa sababu ukavu ule hutokana na maganda na mbegu za zabibu nyekundu, na ni wa jamii moja na ukavu wa chai. Hakupata kusoma hayo popote. Pua iliyokwisha kutambua embe bovu ndani ya tenga bila kulifungua haihitaji chuo.

Tulipomaliza, nusu ya kila chupa ilikuwa bado imo. Mama yule akazifunga, akaziweka kabatini, akaketi tena. Akamuuliza mumewe, bila ukali wowote, "Baba watoto, hizi zote nne zimegharimu kiasi gani?" Akaambiwa. "Na mwezi uliopita, kule kilabuni?"

Fundi alinyamaza. Kisha akachukua kalamu ya mtoto na daftari la hesabu lililokuwa mezani, akaanza kuandika, wiki kwa wiki. Sitataja jumla yake. Ni siri ya nyumba ile. Nitasema tu kwamba aliirudia hesabu mara mbili akidhani amekosea kujumlisha.

NANI AMELIPWA?

Mke wa fundi aliuliza jambo jingine usiku ule, nami sijapata kulisahau. Aliigeuza chupa, akasoma lebo, akasema, "Hapa wameandika kila kitu. Mbona hawakuandika mkungu wamenunua kwa shilingi ngapi?"

Ni swali la mchuuzi, tena ni swali la haki. Nenda soko la Tengeru siku ya Jumatano au Jumamosi uone mikungu inavyoshushwa na wanawake waliotembea nayo tangu alfajiri. Bei ya asubuhi siyo bei ya jioni. Mkungu ulioiva hausubiri, na mnunuzi anajua kwamba hausubiri. Kiwanda kinachonunua ndizi mwaka mzima ni msaada mkubwa kwa mama huyo ikiwa bei ni ya kueleweka, kwa kuwa ana pa kupeleka ndizi hata soko likifurika. Na ardhi ya Meru ni haba. Wananchi wa mlima huu, ambao mwaka 1952 walimtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa kudai ardhi yao ya Engare Nanyuki, hawahitaji kufundishwa thamani ya kipande cha udongo. Anayekitumia kwa migomba ya pombe badala ya migomba ya chakula amepiga hesabu, na hesabu hiyo hutegemea bei. Isitoshe, upo ugonjwa wa mnyauko ukaao ardhini miaka mingi, unaoishambulia hususan migomba ya kisukari. Mkulima aliyepoteza migomba yake kwa ugonjwa huo hapati kuipanda tena pale pale.

Hata serikali imelikubali wazo hili kwa namna yake, kwa kutoza ushuru mdogo zaidi mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya malighafi yake ni matunda ya hapa nchini. Ni jambo jema. Swali la mama yule lakini linabaki palepale: nafuu hiyo inafika hadi mgombani, au inaishia lango la kiwanda?

Nikirejea kwenye picha za binamu wa fundi, ndipo utaona kwa nini swali hili si dogo. Afrika Kusini imekamua zabibu tangu mwaka 1659, na njia ya watalii wa mvinyo ya Stellenbosch ilifunguliwa mwaka 1971. Nyumba zile nyeupe ni nzuri kweli. Lakini katika mashamba yale yale, kwa vizazi vingi, wafanyakazi walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni. Mtindo huo uliitwa "dop". Sheria iliukataza katika miaka ya 1960, lakini mashambani uliendelea kwa miongo mingi baadaye. Matokeo yake yalikuwa walevi wa kutengenezwa, na watoto waliozaliwa na ulemavu kwa sababu mama zao walikunywa wakiwa wajawazito. Eneo lile la Cape limekuwa miongoni mwa yaliyoathirika zaidi duniani kwa ugonjwa huo. Wakati mgeni alipokuwa akionja na kutema mezani, aliyeichuma zabibu alikuwa akimeza mshahara wake. Nilipomsimulia fundi habari hii aliitazama tena ile simu, akaifunga.

SAFARI YA DODOMA

Iwapo bado wataka kuona mizabibu kwa macho yako, huna haja ya kuvuka mipaka. Kutoka Arusha kupitia Babati na Kondoa mpaka Dodoma ni zaidi ya kilomita 400, barabara ya lami mwanzo hadi mwisho, na basi la asubuhi hukufikisha mchana. Mizabibu ya kule ina historia yake. Mapadri wa Kikatoliki waliipanda Bihawana, karibu na mji, katika miaka ya 1950, wakitafuta divai ya misa. Baadaye kilimo kikaenea, kikaanzishwa kiwanda cha umma cha DOWICO, na watu wazima wengi bado wanaikumbuka chupa ile. DOWICO ilipodhoofika na kutoweka, wakulima wengi walibaki na zabibu zisizo na mnunuzi wa uhakika, mpaka vilipotokea viwanda vingine, baadhi yake maeneo ya Hombolo. Usidhani shida imekwisha. Zabibu nayo, kama ndizi, haisubiri.

Nenda wakati wa mavuno. Jambo ambalo wageni kutoka Ulaya huja kulistaajabia ni kwamba Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, mara moja karibu na Machi na mara nyingine karibu na Agosti na Septemba. Kule kwao mzabibu hulala usingizi wakati wa baridi, ukaamka masika na kuzaa mara moja. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Ni mkulima mwenyewe anayeukata matawi na kuulazimisha uanze upya. Kituo cha utafiti cha Makutupora ndicho kilichotoa jina la zabibu nyekundu iliyoenea kule. Ukifika mapema shambani utapewa zabibu zenyewe uonje kabla ya kuonja mvinyo wake, na mtu akionja hivyo kwa mpango huelewa zaidi kuliko aliyesoma kitabu kizima.

Piga simu kiwandani kabla ya kusafiri, kwani si kila kiwanda hupokea wageni kila siku. Kula kwanza. Anayeendesha gari ateme au asionje kabisa, na mama mjamzito aonje zabibu tu. Watoto wataifurahia zaidi Tengeru au Ng'iresi, ambako wanakijiji huwatembeza wageni mashambani na kuwaonyesha mifereji na kahawa inavyokaangwa. Safari ya Dodoma waachieni wazazi, walau mara moja. Na beba kitabu kidogo uandike ulichoonja, bei yake, na jina la kijiji zabibu zilikotoka. Muuzaji akishindwa kukutajia kijiji, hilo nalo liandike.

CHUPA KWA SHANGAZI

Niliporudi kutoka safari yangu mwenyewe, nilimpelekea shangazi chupa moja ya mvinyo wa ndizi. Hapiki tena. Mgongo umechoka, na vijana wa kijijini wanapendelea vya chupa, vyenye jina na picha. Migomba yake bado ipo, na ndizi huuza mbichi kwa mchuuzi anayekuja na pikipiki.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini hicho?"

Nikamweleza. Alikwenda ndani, akarudi na kata yake, ile ile, imepasuka ukingoni na kushonwa kwa uzi. Alimimina kidogo, akaitazama kwenye mwanga wa mlango. Akanusa muda mrefu. Akapiga funda, akalizungusha mdomoni, kisha, bila kuambiwa na mtu, akageuka na kulitema kwenye majani.

"Ni safi," akasema. "Aliyeipika ana subira. Lakini imenyamaza mno. Mbege huongea mpaka unapoimaliza." Akafikiri. "Ndizi wananunua wapi?"

Nikamwambia kiwanda kiko Olorien, na kwamba angeweza kutuma mtu akaulize bei, pengine wakishirikiana na majirani zake wenye migomba. Aliniuliza maswali mengi: kama wanapima kwa mkungu au kwa kilo, kama wanalipa siku ile ile, kama usafiri ni wao au ni wa mkulima. Mengi sikuweza kuyajibu. Akasema atamtuma mjukuu wake Jumatatu.

Tulikaa mpaka jua likashuka nyuma ya mlima. Nilipoaga, niliomba chupa, kwa kuwa duka huzirudisha. Shangazi alikuwa amekwisha kuiosha na kuijaza asali.